Wasomaji Wauliza: Tangazo la Bastola ya Saizi Kamili Lisomwe Vipi?

Maswali mengi ya toleo hili yametoka kwa wanunuzi walioshika tangazo la bastola nusu otomatiki ya saizi kamili na wanaotaka kujua ni lipi kati ya yote yaliyoandikwa lina maana mkononi. Majibu yanahusu bastola za kiwandani zinazouzwa kwa mwenye kibali. Masharti ya kibali, idadi ya risasi inayoruhusiwa kwenye magazini na ruhusa ya kubeba hutofautiana nchi na nchi. Ulizia mamlaka ya kwako kabla hujalipa.

Tangazo linataja mtutu wa milimita 114 na magazini ya risasi 17. Nini hasa kinaifanya iitwe saizi kamili, na mtutu huo mrefu unaongeza nguvu kiasi gani?

Hakuna sheria ya kimataifa inayogawa saizi. Kwa mazoea, saizi kamili ni bastola yenye mtutu wa kama milimita 110 hadi 127 na mshiko unaotosha vidole vyote, kidole cha mwisho kikiwemo. Kipimo ulichoandika ni kile kile cha Glock 17. SIG Sauer P226 ina mtutu wa milimita 112, Beretta 92FS milimita 125, na M1911 ya John Browning milimita 127.

Nguvu si sababu ya kununua mtutu mrefu. Risasi ya milimita 9 hupoteza takriban mita 7 hadi 15 kwa sekunde kwa kila sentimita mbili na nusu zinazokatwa, na kati ya saizi kamili na saizi ya kati tofauti ni kama sentimita moja tu. Shabaha ya karatasi haitajua.

Faida yake kubwa ni umbali kati ya vilengeo viwili. Kwenye Glock 17 ni milimita 165, kwenye Glock 26 ambayo ni fupi ni milimita 137. Ukikosea kupanga kilengeo cha mbele kwa milimita moja tu, risasi kwenye umbali wa mita 25 itakwenda pembeni sentimita 15 kwa bastola ndefu, na zaidi ya sentimita 18 kwa fupi. Kosa la macho ni lile lile, adhabu ndiyo inayopungua.

Kuna na jambo jingine ambalo matangazo hayasemi. Slaidi (kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele kila risasi inapopigwa) ikiwa ndefu na nzito inaruhusu springi laini zaidi, kwa hiyo saizi kamili kwa kawaida ni rahisi kukoki, yaani kuvuta slaidi nyuma na kuiachia, kuliko bastola ndogo ya risasi hiyo hiyo, na husamehe zaidi mshiko mlegevu na risasi dhaifu. Watu huwanunulia wanaoanza bastola ndogo wakidhani ni nyepesi kujifunzia. Ni kinyume.

Hasara yake ni kubeba kwa kuficha. Hapo kinachochomoza nguoni ni kitako, si mtutu, kwa hiyo mtutu mfupi juu ya kitako kile kile hausaidii sana.

Fremu ya chuma, ya alumini au ya polima, ipi inadumu?

Fremu ni mwili wa bastola wenye mshiko, na zote zinadumu kuliko bajeti ya risasi ya watu wengi. Tofauti utaihisi katika uzito. Glock 17 bila magazini ni kama gramu 630. Beretta 92FS yenye fremu ya alumini hukaribia gramu 950. CZ 75 ya chuma tupu ni kama kilo moja. Uzito hupunguza teke, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma, nawe utalipia kwa uchovu wa mkono na mkanda.

Polima hujipinda kidogo bastola inapopiga na haishiki kutu, lakini reli zake ni vipande vya chuma vilivyopachikwa ndani. Vichunguze: viwe vimenyooka, visiwe na ufa pembeni. Alumini ni laini, nayo huliwa mahali slaidi inapoteleza ikikosa mafuta. Rangi ikitoka kwenye reli ni kawaida, mifereji inayoshika ukucha si kawaida. Chuma kinataka kufutwa jasho kila siku ya matumizi.

CZ 75 ina sifa yake: slaidi hupita ndani ya fremu badala ya kuizunguka nje. Hukaa chini karibu na mkono na hutulia vizuri, ila sehemu ya slaidi ya kushika wakati wa kukoki ni nyembamba. Mwenye vidole vyenye jasho au visivyo na nguvu aijaribu kwanza.

Muuzaji anasema bastola moja ni ya straika, nyingine ni DA/SA, nyingine ni ya nyundo yenye mvuto mmoja. Nichague ipi?

Hili ndilo swali la kutumia muda wako mwingi dukani, kwa sababu kifyatulio ndicho kinachoamua kama utapiga unapolenga.

Bastola ya straika haina nyundo. Pini inayogonga fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) husukumwa na springi yake ndani ya slaidi, na kila mvuto wa kifyatulio ni sawa na uliotangulia, kwa kawaida kama kilo 2.5. Kuna jambo moja tu la kujifunza, ndiyo maana vikosi vingi vimehamia huko.

DA/SA (kifupi cha Kiingereza cha double action/single action) ina nyundo, na mivuto ya aina mbili. Risasi ya kwanza kifyatulio huvuta nyundo nyuma kisha kuiachia: mwendo mrefu, uzito wa kilo 4.5 au zaidi. Baada ya hapo slaidi huikoki nyundo yenyewe, na mvuto hushuka hadi kama kilo 2. P226 na Beretta 92FS ndizo mfano. Anayefanya mazoezi ya risasi zile rahisi peke yake atashangaa kila mara risasi ya kwanza inapokwenda chini. Ukinunua ya namna hii, anza kila mfululizo wa mazoezi nyundo ikiwa imeshushwa kwa kishushio chake, kama bastola inacho. Kushusha nyundo kwa kidole gumba huku risasi iko chemba (nyuma ya mtutu, tayari kupigwa) ni njia ya kujipiga.

Yenye mvuto mmoja, kama M1911, lazima nyundo ikokiwe kwanza. Kifyatulio chake ni kifupi na kisafi kuliko vyote, na kwa shabaha za mashindano ni raha. Hubebwa nyundo ikiwa imekokiwa na sefti juu. Anayeona hali hiyo inamtia wasiwasi asiinunue, maana ndivyo ilivyoundwa kubebwa.

Namna ya kupima: omba ruhusa, hakikisha haina risasi, elekeza ukuta salama. Vuta polepole. Utahisi mwendo mlegevu, kisha kizuizi, kisha kuachia. Kizuizi kiwe mahali pale pale kila mara, na baada yake kusiwe na kukwaruza. Shikilia kifyatulio nyuma, koki slaidi, kisha ulegeze kidole taratibu mpaka usikie kimerejea. Kadiri kinavyorejea karibu ndivyo risasi ya pili inavyokuwa rahisi. Mwisho, weka sarafu juu ya kilengeo cha mbele uvute. Sarafu ikianguka mara nyingi kwenye bastola moja na kutulia kwenye nyingine, umepata jibu lako hata kama tangazo linasema vingine. Bastola za kisasa za fataki ya katikati hazidhuriki kwa kuvutwa tupu namna hii; za risasi ndogo za fataki ya ukingoni ni bora zisivutwe tupu, kwa kuwa pini inaweza kugonga chuma cha chemba.

Bastola niliyoipenda haina sefti ya kidole gumba. Ni salama?

Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: je, ina kizuizi cha pini ya kugonga? Hicho ni kipande ndani ya slaidi kinachoifunga pini mpaka kifyatulio kivutwe chote. Chenyewe ndicho kinachozuia risasi kutoka bastola inapoanguka. Glock ina vizuizi vitatu vinavyofunguka kwa mfuatano kidole kikivuta: ulimi mdogo kwenye kifyatulio, kizuizi cha pini, na kile cha kuanguka. Sefti ya gumba ni nyongeza ya mtumiaji, na huna budi kuizoea kiasi kwamba gumba huishusha bila kufikiri. Isiyozoewa ni mbaya kuliko isiyokuwepo.

Bastola isiyo na sefti ya gumba inategemea mfuko wake. Mfuko uwe mgumu, ufunike kifyatulio chote, na ubaki wazi bastola ikitolewa. Mifuko laini ya kitambaa hukunja mdomo ndani, na kipande hicho kinaweza kuingia kwenye kifyatulio wakati wa kurudisha. Kamba ya koti hufanya vivyo hivyo. Rudisha polepole, ukitazama. Hakuna shindano la kurudisha bastola.

Uliza pia namna inavyofunguliwa kwa usafi. Kwenye Glock lazima kifyatulio kivutwe kabla slaidi haijatoka, na mikono isiyo makini imepiga meza na kuta kwa sababu hiyo. SIG P320, Heckler & Koch VP9 na nyingine hazihitaji mvuto huo. Kwa vyovyote, utaratibu ni mmoja: toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi nyuma mara kadhaa, ifunge wazi, tazama chemba, ingiza kidole uiguse. Ukianza na slaidi huku magazini imo, unaitoa risasi moja na kuingiza nyingine.

Nina mikono midogo. Je, saizi kamili inanifaa?

Urefu wa mshiko haukuhusu; unene ndio unaokuhusu, hasa umbali kutoka mgongo wa mshiko hadi kifyatulio. Shika juu kabisa, nyama ya kati ya gumba na shahada ikibana chini ya slaidi, na mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono. Sasa weka shahada kwenye kifyatulio. Kikae katikati ya nyama ya ncha ya kidole, na kati ya kidole na fremu kuwe na uwazi mdogo. Ikibidi uzungushe mkono ili kufikia, teke litaangukia kwenye kifundo cha gumba na bastola itageuka kila risasi.

Matangazo yanaposema "migongo mitatu ya kubadilisha" hiyo ni sifa ya kweli, si pambo. Badilisha dukani, ujaribu yote. P320 imekwenda mbali zaidi: namba ya usajili iko kwenye fremu ndogo ya chuma iliyo ndani, hivyo mshiko mzima wa polima unaweza kubadilishwa.

Jaribu kufikia kitufe cha magazini na kishikio cha slaidi bila kulegeza mshiko. Wa mkono wa kushoto waulize kama kitufe kinahamishika upande wa pili na kama kishikio cha slaidi kiko pande zote mbili. Slaidi ikiwa ngumu kukoki, usivute kwa vidole viwili: bana sehemu ya nyuma kwa kiganja chote karibu na kifua, kisha sukuma fremu mbele kwa mkono wa pili. Kwa bastola ya nyundo, koki nyundo kwanza. Kazi hupungua sana.

"Tayari kwa kilengeo cha nukta nyekundu." Inafaa kulipia zaidi?

Kama unanuia kuweka, ndiyo, kwa sababu kuchonga slaidi baadaye hugharimu zaidi na huondoa rangi ya kinga. Kama hunuii, sehemu iliyochongwa hufunikwa kwa kibati na haidhuru kitu.

Uliza mambo matatu. Kwanza, kilengeo hukaa moja kwa moja juu ya slaidi au juu ya kibati cha kuunganishia? Kibati huongeza kimo na ni seti nyingine ya skrubu za kulegea. Pili, mashimo yanalingana na kilengeo gani? Nyayo za vilengeo si moja. Tatu, je, vilengeo vya chuma ni virefu vya kutosha kuonekana kupitia kioo betri ikiisha?

Yanayoharibika hapa ni skrubu karibu kila mara. Safisha mafuta kwenye mashimo kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya nyuzi za skrubu, kaza kwa bisibisi yenye kipimo kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida nyutoni-mita 1.2 hadi 1.7. Subiri gundi ishike kabla ya kupiga. Chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kilengeo. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Na usitumie skrubu ndefu kuliko zilizoletwa: kwenye Glock, skrubu ya kulia ikizidi hubana kijiti kinachosukuma kulabu ya kuvuta maganda, na bastola iliyokuwa haikwami inaanza kukwama siku hiyo hiyo.

Kuhusu ukubwa wa nukta, yenye dakika 3 (dakika hapa ni kipimo cha pembe, moja ya sitini ya digrii) hufunika kama milimita 22 kwenye mita 25, yenye dakika 6 hufunika 44. Kubwa huonekana haraka, ndogo hulenga kwa usahihi.

Wanaobaki na vilengeo vya chuma vinavyong'aa gizani wajue kuwa tritiumu hupoteza nusu ya mwanga wake kila baada ya miaka 12.3. Tazama tarehe kwenye kilengeo cha bastola iliyotumika.

Milimita 9, .40 au .45?

Milimita 9, isipokuwa una sababu (.40 na .45 ni vipenyo vya risasi kwa inchi). Risasi ya milimita 9 yenye kichwa cha gramu 8 ikienda mita 350 kwa sekunde hubeba kama jouli 490. Ya .45 yenye gramu 14.9 kwa mita 255 hubeba karibu kiasi hicho hicho, lakini msukumo wake ni mkubwa kwa zaidi ya theluthi, na huo ndio unaoupokea mkononi. Magazini nayo hupungua: Glock 17 inachukua 17, mwenzake wa .45, Glock 21, inachukua 13. Ile .40 iliyotoka mwaka 1990 ina teke kali na la ghafla, na huchakaza springi mapema. Kwa sasa bastola za .40 zilizotumika huuzwa kwa bei ya chini, na huo ndio mvuto wake mkuu.

Nimepata bastola iliyotumika kwa bei nzuri. Nikague nini?

Anza na karatasi. Namba kwenye fremu ilingane na kibali cha muuzaji, na isiwe imesuguliwa au kugongwa upya. Hapo hakuna mjadala: namba yenye shaka, ondoka. Namba za slaidi na mtutu zisipolingana na ya fremu si kosa lazima, ila zinakwambia kuna kipande kilichobadilishwa, na bei ishuke.

Bastola ikiwa tupu na imefunguliwa, shika mtutu uuelekeze kwenye mwanga. Michirizi ya ndani iwe na ncha kali na uso wake ung'ae. Vidoto vyeusi vya kutu havitaathiri shabaha sana vikiwa vichache, lakini hushika uchafu. Unachotafuta ni pete: kivuli cha duara kama pete nyeusi mahali pamoja. Hutokea risasi dhaifu inapoacha kichwa chake katikati ya mtutu na nyingine ikapigwa nyuma yake. Pitisha kidole nje. Ukihisi uvimbe, mtutu umekwisha.

Tazama kwa makini sehemu mtutu unapojifunga kwenye slaidi. Kung'aa kwa msuguano ni sawa. Kingo zilizoviringika, zilizochanika au nyufa si sawa. Kwenye Beretta 92 kagua kipande cha kufungia kilicho chini ya mtutu, hasa mabawa yake mawili, kwani ndiyo hupasuka kwanza; kinabadilishwa, lakini mwambie muuzaji akipunguze kwenye bei. Kwenye fremu, tazama juu ya shimo la kishikio cha slaidi na kona za reli.

Kisha uso wa slaidi unaogusana na kitako cha risasi. Duara dogo lililoliwa kuzunguka tundu la pini huletwa na fataki zinazovuja. Kulabu ya kuvuta maganda iwe na ncha kali. Bonyeza kwa kidole, irudi kwa nguvu. Uchafu uliojaa chini yake pengine ndio chanzo cha "tatizo dogo tu" ambalo muuzaji amelitaja kwa haraka.

Unganisha tena, bado tupu. Rudisha slaidi nyuma kidogo na uiachie: ifunge yenyewe hata mtutu ukielekezwa juu. Isipofunga, springi imechoka au kuna uchafu. Jaribu sefti kwa kuvuta kifyatulio ikiwa imewekwa, kisha ishushe bila kugusa kifyatulio. Nyundo ikidondoka hapo, bastola ina kasoro ya hatari. Kwa bastola ya nyundo iliyokokiwa, sukuma nyundo mbele kwa gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa kifyatulio. Isiteleze. Kifyatulio kilichosuguliwa nyumbani ili kiwe laini hugunduliwa hapa, na huyo aliyesugua mara nyingi huwa anakisifu.

Springi ya kurudisha slaidi ihesabu kama imekwisha, uweke mpya. Ni rahisi kuliko kujadiliana ilipiga risasi ngapi.

Bastola mpya inakwama. Nimrudishie muuzaji?

Kwanza jua inakwama vipi, maana kila mkwamo una jina na chanzo.

Ganda likibanwa wima kwenye mdomo wa slaidi, halikutupwa kwa kasi. Mshiko mlegevu huruhusu fremu kurudi pamoja na slaidi, na slaidi haipati mwendo wake wote. Risasi dhaifu hufanya hivyo pia. Mpe mtu mwenye mshiko imara apige magazini moja ya risasi zile zile. Ikikwama kwake pia, kagua kulabu na kitupio, kile kipande kinacholirusha ganda nje.

Risasi ikisimama pua chini mbele ya magazini, angalia midomo ya magazini na springi yake. Andika namba kwenye kila magazini kwa rangi. Mkwamo ukifuata magazini namba 2 peke yake, bastola haina kosa. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayomaliza malalamiko mengi zaidi.

Slaidi isipofunga kabisa, chemba ni chafu, springi ni dhaifu, au gumba lako linaisugua ubavuni. Slaidi isiposhika nyuma risasi zikiisha, karibu kila mara gumba limekaa juu ya kishikio chake; watu wanaoshika juu na gumba mbele huonana na hili sana, na si kasoro ya bastola.

Ikilia kidogo kuliko kawaida, simama. Usikoki. Toa magazini, toa risasi, fungua bastola na utazame mtutu kabla ya kupiga tena. Na ikibofya bila kulipuka, iache imeelekea shabaha kwa sekunde 30, kwa sababu fataki inaweza kuchelewa. Alama ya pini kwenye fataki ikiwa ya kina cha kawaida, lawama ni ya risasi. Ikiwa hafifu, pini haifiki kwa nguvu: mara nyingi kuna mafuta yaliyochanganyika na masizi kwenye njia yake. Njia ya straika hukaa kavu. Mafuta ni tone moja kwa kila reli, tone juu ya mtutu unapopita kwenye slaidi, basi.

Ipe bastola risasi 200 za kawaida, zenye kichwa kilichofunikwa chote, kabla ya kuhukumu. Baada ya hapo, kama inakwama kwa magazini zote na kwa wapigaji wawili, mrudishie pamoja na orodha ya mikwamo. Fundi atashukuru kwa orodha kuliko kwa hasira.

Magazini ikikaa imejaa, springi inalegea?

Kidogo mno. Kinachochosha springi ni kujaza na kumaliza, mara nyingi. Kwenye mazoezi tumia magazini zako zote kwa zamu, na epuka kuziangusha sakafuni zikiwa nusu, kwa kuwa midomo ndiyo hupinda. Kwa bajeti, nunua magazini za mtengenezaji mwenyewe, tatu au nne, kabla ya kununua taa ya kwenye reli.

Risasi zangu zinaangukia kushoto sentimita 10 kwenye mita 15. Nisogeze kilengeo?

Bado. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kushoto chini ni alama ya kidole kinachosukuma kifyatulio kando. Weka mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga tano polepole, kisha mwombe mwingine afanye vivyo hivyo. Zote zikikusanyika kushoto, basi ni kilengeo. Cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende, yaani kulia, na kiasi ni kosa mara umbali wa vilengeo, gawa kwa umbali wa shabaha: milimita 100 mara 165 gawa kwa 15,000, ni milimita 1.1. Sogeza kwa kisukumio cha vilengeo, si kwa nyundo na kijiti cha chuma. Kama huna kisukumio, kijiti kiwe cha shaba au nailoni, na uchore alama kwa penseli kwenye slaidi kabla hujaanza.